Projekti ya maikrogridi kisiwani Ukerewe: nianzie wapi, na hawa wadogo zetu wa PCM niwasaidieje?

Mwanaumeme_4

Shikamooni wakubwa zangu, wa rika langu mambo vipi. Nasoma uhandisi wa umeme mwaka wa nne na projekti yangu ya mwisho ni udhibiti wa nishati kwenye maikrogridi, yaani ile gridi ndogo inayojitegemea yenye sola, betri na jenereta ya kusaidia. Kijiji ninachokifikiria kipo kwenye kisiwa kimoja wilaya ya Ukerewe, Ziwa Victoria, mi nimekulia jirani na huko na nakumbuka tulivyokuwa tunasomea kibatari mpaka asubuhi ukipenga kamasi zinatoka nyeusi, kwaiyo hii mada sikupewa na mtu nimeichagua mwenyewe.

Shida ni hii. Mapepa karibu yote ninayosoma ya miaka hii ni akili mnemba, nyuro netiwaki, MPC (kontrola inayotabiri mbele kabla ya kuamua), na mi nikaona nisipoweka kitu kama hicho projekti itaonekana ya kitoto. Nimetengeneza modeli kwenye Simulink, programu ya kuigiza mitambo kwenye kompyuta, sola 30 kW, betri za lithiamu 120 kWh, jenereta 30 kVA, na kwenye skrini inakwenda safi kabisa. Ila grafu ya matumizi nimeitoa kwenye pepa la nchi ya baridi huko, ya watu wenye hita na mashine za kufulia. Nikamwonyesha msimamizi wangu, akaiangalia akaniuliza swali moja tu, hii grafu ni ya kijiji gani? Nikabaki kimya.

La pili linaniuma zaidi. Kila Jumamosi huwa nawafundisha fizikia na hesabu vijana wa fomu faivu na siksi mtaani kwetu, wote PCM, yaani kombi ya fizikia, kemia na hesabu, wapo kumi na moja, mabinti wanne. Kuna binti mmoja hesabu anazimaliza kabla sijamaliza kuandika ubaoni, wiki iliyopita kaniambia anataka kuhama kombi kwa sababu kaka yake alidisko, yaani aliondolewa chuo kwa kufeli, mwaka wa pili wa uinjinia na nyumbani wanasema sayansi inapotezea watoto muda. Sikujua nimjibu nini maana hata mi nina sapu moja, mtihani wa kurudia, nimeishika mkononi.

Naombeni mawazo kwa yote mawili. Bumu likiingia naweza kutenga hela kidogo ya vifaa, ila kidogo kweli.

FundiZiwani

Marahaba mdogo wangu. Mi ni fundi, miaka sita nazunguka na boti kwenye visiwa kurekebisha hizi gridi ndogo, chuo kikuu sijapita ila nikwambie ninachokutana nacho.

Kitu kinachoangusha gridi usiku sio kwamba kontrola haina akili, ni mashine ya kusaga. Chukua mota ya hosi pawa kumi, hiyo ni 7.5 kW, ya fezi tatu. Ikishakolea inakula ampea kama 15 tu, ila pale mwenyewe anaposukuma swichi inavuta mara sita ya hapo, ampea 90, zidisha na volti 400 na kile kipeuo cha pili cha tatu unapata kVA zaidi ya 60 kwa sekunde chache. Inveta zako, hizo zinazogeuza umeme wa betri na sola kuwa wa AC, hazina ubavu huo. Zinajizima kujilinda na kijiji kizima kinalala giza, mama kule mwisho wa laini aliyeweka sangara kwenye friza anajua umeme umekatika, hajui ni jirani yake kasaga mahindi. Tulipofunga softi stata, kifaa cha kuwasha mota polepole, kwenye mashine mbili za kijiji kimoja simu za usiku zikaisha. Sikutunga algorithimu yoyote hapo, nilibeba spana na kifaa kimoja.

Kwaiyo kabla ya akili mnemba nenda kakae kijijini. Kaa pale mashineni, kaa kwa fundi wa kuchomelea, kaa kwa wenye mabarafu ya samaki, andika saa wanazowasha na saa wanazozima. Kuna vitu huvioni kwenye kompyuta. Mfano kipindi cha mbalamwezi wavuvi wa dagaa hawaendi ziwani kwa sababu taa zao hazivuti samaki, basi siku hizo matumizi ya kijiji yanabadilika, watu wapo majumbani, baa zimejaa, redio na tivii zinawaka mpaka usiku mkubwa, halafu zile betri za taa za wavuvi haziletwi kuchajiwa. Sasa grafu yako ya hita na mashine za kufulia ina mbalamwezi?

Mtafiti_Kaskazini

Ndugu Mwanaumeme, hongera kwa kuuliza mapema, wengi huja kuuliza wiki ya kukabidhi. Nafundisha mambo haya na nimesimamia vijana kadhaa, ntaandika kwa urefu kidogo jioni, ila kwanza nijibu maswali haya maana bila hayo siwezi kukushauri. Gridi yako ina inveta ngapi zinazojenga volteji na frikwensi, yaani zinazoweza kusimama zenyewe bila kuegemea kitu kingine? Ni moja au ni kadhaa zilizotawanyika? Sola inaingia upande wa betri au inaingia upande wa AC kwa inveta zake yenyewe? Na je, jenereta inawaka yenyewe au kuna mtu anaenda kuivuta?

Mwanaumeme_4

Asante mwalimu. Inveta za betri zipo tatu lakini zimefungwa sehemu moja, kila fezi na yake, zinafanya kazi kama kitu kimoja. Sola inaingia upande wa AC kwa inveta zake. Jenereta anaiwasha mlinzi akipigiwa simu. Hayo nimeyajua kwa kumuuliza binamu yangu anayeishi huko, kwenye modeli yangu nilikuwa nimeweka inveta nne sehemu tofauti na drupu kila moja kwa sababu ndo nilivyoona kwenye mapepa.

Mtafiti_Kaskazini

Basi hapo umeshajisahihisha mwenyewe na pengine hujaona. Nieleze.

Udhibiti wa maikrogridi huwa tunaupanga kwa ngazi tatu, mpangilio uliozoeleka sana baada ya pepa la Josep Guerrero na wenzake la 2011. Ngazi ya chini kabisa inafanya kazi kwa sehemu za sekunde, ndiyo inayogawana mzigo kati ya inveta. Ya katikati inarudisha frikwensi na volteji mahali pake. Ya juu inafikiria kwa dakika na masaa, nishati itoke wapi, iende wapi, lini na kwa gharama gani. Drupu ni ya ile ngazi ya chini. Wazo lake limeigwa kwenye jenereta, mzigo ukizidi frikwensi inashuka kidogo na kila chanzo kinaisoma hiyo frikwensi kujua kibebe kiasi gani bila waya wa mawasiliano. Mfano una inveta mbili, ya 10 kW na ya 5 kW, zote zimepangwa zishuke kutoka hezi 50 mpaka 49.5 zikijaa. Mzigo ukiwa 9 kW zinakutana kwenye 49.7, kubwa inabeba 6 na ndogo inabeba 3. Ni kitu kizuri sana na nakipenda kukifundisha. Lakini hicho ni cha gridi yenye wajenzi wengi wa volteji waliotawanyika, na ya kwako ina mmoja. Ungetumia semista nzima kutatua tatizo ambalo kijiji chako hakina. Tena hata ungekuwa nao wengi, nyaya za kijijini ni nyembamba na ndefu, rizistansi inazidi riaktansi, kwaiyo ile drupu ya vitabuni ya frikwensi kwa pawa haikai vizuri kama kwenye laini kubwa, inabidi uiongezee mambo.

Tatizo lako lipo ngazi ya juu. Tupige hesabu pamoja kwa namba zako. Betri 120 kWh, ukiacha akiba ya asilimia 20 ili zidumu unabaki na 96. Tuseme usiku kijiji kinakula wastani wa 8 kW kwa masaa 12, hiyo ni 96 kamili, yaani alfajiri umebaki na ile akiba tu. Sasa ile mashine ya hosi pawa kumi ya FundiZiwani isage masaa mawili jioni, ni 15 kWh zingine ambazo hazipo. Ndo hapo mlinzi anapigiwa simu saa nane usiku awashe jenereta. Na saa nane usiku mzigo wa kijiji umeshuka, tuseme ni 4 kW, wakati jenereta ya 30 kVA inaweza kutoa kama 24 kW. Inafanya kazi chini ya asilimia 20 ya uwezo wake, inakunywa dizeli nyingi kwa kila yuniti inayotoa, na ikizoea hivyo mafuta hayaungui vizuri, inaanza kutema ubichi kwenye ekzosi na kujaa masizi. Kwa kawaida tunataka isishuke chini ya asilimia 30. Kama lazima iwake basi iwake mapema zaidi, ibebe kijiji na kuchaji betri kwa pamoja, iende asilimia 70 kwa muda mfupi, kisha izimwe.

Upande wa pili, mchana saa sita betri zinaweza kuwa zimejaa na sola bado inataka kutoa. Inveta ya betri inapandisha frikwensi juu ya 50 kwa makusudi, zile inveta za sola zikiona hivyo zinapunguza. Nishati hiyo inapotea kimya kimya bila mtu yeyote kujua, hakuna taa inayozimika wala alamu inayolia. Ukiisogeza ile kusaga kutoka saa moja jioni kwenda saa sita mchana umeokoa 15 kWh za betri kila siku na umetumia jua lililokuwa linatupwa.

Kwaiyo swali la risachi yako naliona hivi, jenereta iwake saa ngapi na kwa mzigo gani, na mizigo mikubwa ihamie saa ngapi, ili kijiji kisilale giza na dizeli ipungue. Linganisha njia tatu: wanavyofanya sasa na simu ya mlinzi, kanuni rahisi za kama-betri-ikifika-hapa-fanya-hivi, halafu hiyo MPC yako yenye utabiri wa jua. MPC usiitupe, hapa ndo ina kazi ya kweli. Ila ukigundua kanuni rahisi zinakupa karibu faida yote andika hivyo hivyo, mtahini makini atakuheshimu.

FundiZiwani

Mwalimu hapo kwenye frikwensi kupanda umenifungua macho, nimekuwa naona 51 na ushee mchana kwenye skrini nikajua inveta ina kasoro, kuna sehemu niliripoti kabisa ibadilishwe.

Ila naongeza, hiyo kuhamisha saa za kusaga sio ya kuandika tu kwenye ripoti. Kina mama wanasaga jioni kwa sababu mchana wako shamba au wanaanika dagaa. Bei ya mchana ikishuka watatuma watoto, nimeona sehemu imefanyika hivyo na ikakubali. Kaa nao wenyewe kwanza usikie.

Mwanaumeme_4

Nimesoma mara tatu. Mwalimu, na vipimo nivipate vipi, maana vile vifaa vya maabara yetu haviruhusiwi kutoka nje ya chuo?

Mtafiti_Kaskazini

Tengeneza loga yako, kifaa cha kurekodi vipimo. ESP32 moja (kibodi kidogo cha kompyuta), moduli ya kupimia PZEM-004T kwa kila fezi (ile yenye kikoili kinachokumbatia waya, inasoma mpaka ampea 100), saa ndogo ya DS3231 ili muda usipotee umeme ukikatika, na kadi ya kumbukumbu. Rekodi kila dakika moja, kwa hesabu za nishati inatosha kabisa. Ila dakika haitakuonyesha ule mvuto wa mota ukiwaka, kwa hilo moja azima klampi mita inayokamata kilele cha kuwasha. Wiki nne za data yako mwenyewe, mbalamwezi na giza zote zimo ndani, zina thamani kuliko mapepa ishirini. Na kapime volteji nyumba ya mwisho kabisa ya laini saa mbili usiku, asilimia 10 chini ya 230 ni 207, ukikuta chini ya hapo una sura nzima ya kuandika.

Data ya jua usinunue popote. Tovuti za PVGIS na NASA POWER zinatoa bure, unaweka latitudo na longitudo za kisiwa tu. Na kama leseni ya MATLAB inakusumbua nje ya chuo, kazi ya ngazi ya juu inafanyika vizuri kabisa kwa Python au Octave, bila malipo, hata kwenye laptopu ya zamani.

Usifungue boksi la umeme peke yako. Nenda na fundi mwenye leseni ya EWURA, ile mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, barua ya chuo mkononi, na mwenyekiti wa kijiji na mwenye gridi wawe wamekubali.

Jirani_wa_Kisumu

Habari zenu ndugu zangu wa Tanzania, nimesoma hii nikiwa upande wa pili wa ziwa. Pia sisi tuko na gridi za kujitegemea huku Kenya, na mfano ambao ningetaka huyu kijana aangalie ni Marsabit. Kule kulikuwa na dizeli na mashine za upepo, na upepo unapulizia kwa mkupuo, sasa hivi uko juu, dakika ijayo umeanguka, jenereta haiwezi kufuata mbio hizo. Mwaka wa 2015 kampuni ya ABB walitangaza kazi ya kuwawekea KenGen, kampuni ya kuzalisha stima Kenya, mtambo wa 500 kW ambao ndani yake ni gurudumu zito linalozunguka kwa kasi. Upepo ukizidi gurudumu linakula hiyo stima kwa kuongeza mwendo, ukipungua linairudisha. Sasa linganisha na kwako. Shida ya kule ilikuwa ya sekunde, ndiyo wakaweka kifaa cha sekunde. Yako vile mwalimu ameeleza ni ya masaa. Ukijua shida yako ni ya muda gani hutapotea kwa mapepa.

Na kama unapita Nairobi, Chuo Kikuu cha Strathmore wako na sola ya 600 kW juu ya paa za majengo yao na kituo chao cha utafiti wa nishati kinafunza watu mambo haya, omba kutembelea.

Mwl_Fizikia

Jamani mmeliacha swali la pili na mimi ndo limenileta hapa. Nafundisha fizikia sekondari mwaka wa kumi na nne sasa, na huyo binti wa hesabu nimemuona kwenye kila darasa langu, kila mwaka yupo.

Mwanangu, usimjibu kwa maneno. Yeye kaona kaka yake kaanguka, maneno hayatashinda kitu alichokiona kwa macho. Mchukue kwenye hiyo kazi. Hizo data za wiki nne za kila dakika ni mistari zaidi ya elfu arobaini, huwezi kuisoma peke yako, na vijana wa fomu siksi wanaweza kabisa. Wape kila mmoja siku zake, wachore, watafute saa ya kilele, wazidishe volti kwa ampea kwa pawa fakta wapate pawa, wajumlishe wapate kWh. Hiyo ndo intigresheni wanayoilia darasani, eneo chini ya grafu, ila sasa lile eneo ni umeme wa watu. Mimi nilifanya hivyo kwa bili za LUKU (umeme wa kulipia kabla) za nyumbani kwao tu, sina maikrogridi wala nini, na darasa lililokuwa linasinzia nikaliona linagombana kuhusu pasi na friji nani mwizi.

Drupu waelezee kwa baiskeli. Umempakia mtu nyuma, mnafika kwenye mlima, mwendo unashuka hata kama unakanyaga kwa nguvu, ule mwendo kushuka ndo taarifa ya kwamba mzigo umeongezeka. Wakiwa wawili kwenye pedali kila mmoja anasikia mwenyewe bila kuambiwa. Wataelewa kabla hujaandika fomula.

Kuhusu hela, huyo binti aambiwe mambo mawili ambayo wazazi wengi hawayajui. Kuna Samia Scholarship, ilianza mwaka wa masomo 2022/2023, ni ufadhili wa serikali kwa waliofaulu kwa juu kabisa masomo ya sayansi fomu siksi, wakaendelee na sayansi, uhandisi, teknolojia au tiba. Anayemaliza hesabu kabla ya mwalimu hiyo ni ya kuitazama. Na akiikosa upo mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, maombi yajazwe mapema na vyeti vya kuzaliwa viwe vimehakikiwa, wanaopoteza wengi wanapoteza kwa karatasi tu. Nyingine ni Young Scientists Tanzania, wanapokea kazi za utafiti za wanafunzi wa sekondari na kuzionyesha Dar kila mwaka, muulizie kupitia mwalimu wake wa shule. Kazi ya "kijiji kinatumia umeme saa ngapi" ikifanywa na wanafunzi wawili vizuri inakwenda pale bila aibu.

Na kuhusu kaka yake. Nenda kaongee naye. Wanaodisko mwaka wa pili wengi si kwamba hawana kichwa, unakuta alikuwa analala kwa rafiki, kitabu cha kuazima, hela ya kula imeisha wiki ya nne, akashindwa test mbili na hakuna aliyemuuliza. Nyumbani wanajua tu amerudi. Akikubali kukaa na hao vijana Jumamosi moja akawaeleza kilichomkuta na angefanya nini tofauti, dada yake atasikia kitu ambacho wewe na mimi hatuwezi kumwambia. Na hiyo sapu yako usiwafiche, waonyeshe unavyoisoma.

Mwanaumeme_4

Mwalimu shikamoo, nimesoma hii kwenye daladala nikapitiliza kituo.

Nimeamua hivi. Modeli ya inveta nne nimeifuta leo. Msimamizi nimemwandikia swali jipya kama alivyolisema Mtafiti_Kaskazini, kakubali, kasema linganisho la njia tatu linamtosha ila anataka wiki nne zisizo na mapengo. Moduli tatu za kupimia na ESP32 nimeziulizia Kariakoo, bumu likiingia nachukua, na loga nitaijaribu kwanza wiki nzima nyumbani kwetu kabla haijavuka maji. Jumamosi nitaanza na bili za LUKU. Kaka yake yule binti nimempata kwa simu, hakusema ndiyo hakusema hapana, kaniuliza tu hao wanafunzi wapo mada gani saivi, nikamwambia umeme wa mkondo geu, akasema hiyo alikuwa anaiweza.

FundiZiwani, wewe una leseni? Na unaenda lini Ukerewe?

FundiZiwani

Ninayo. Mwisho wa mwezi nipo huko siku tano. Njoo na loga mbili sio moja, kadi za kumbukumbu huwa zinakufa kwa unyevu wa ziwa, na uweke silika jeli ndani ya boksi. Mbalamwezi itakuwa inaanza, kwaiyo utakuta wavuvi wapo nyumbani na utaweza kuongea nao mchana. Boti inaondoka asubuhi mapema, jaketi okozi ninayo ya ziada.